Moyo Usiopiga Muziki

Fausta wa Shanwe ana shingo ngumu, na hakuinunua dukani. Ni ya ukoo mzima, huko Mpimbwe. Kazi yake ni kutengeneza masomo ya kwenye vishikwambi. Moyo wa binadamu unauona mzima kwenye kioo, unaugeuza kwa kidole, unaufungua, unachungulia ndani. Hata sisi tulioishia darasa la saba tuliugeuza, tukatoa na ushauri wa kitaalamu.

Kosa la kwanza alilitoa kwao. Kwao mgeni hapakuliwi wali akaiona rangi ya sahani, ni aibu. Basi na wanafunzi akawapakulia hivyo hivyo: majina ya mishipa yote, mishale inayowaka, sauti inayosoma, muziki juu yake. Sekondari moja ya Litapunga walishangilia kama wako mpirani. Mwalimu wao, Agatha, akauliza damu ikitoka mapafuni inaingia wapi. Lusia wa dawati la mbele akajitosa: "Kwenye ule mshale wa njano, Madam!"

Fausta akarudi Shanwe, akafyeka. Sasa moyo ulifunguka mtupu, chumba kimoja kimoja. Jina lilitokea ukigusa tu, na chumba cha pili kiligoma kufunguka mpaka uipitishe damu kwa kidole kwenye cha kwanza.

Farhan, mwenye ofisi, nusura alie.

"Dada, vitu vimeenda wapi? Wakuu wa shule wanakuja Alhamisi kununua, wewe unawaonyesha moyo wa maskini?"

"Nimevitoa."

"Virudishe. Hutaki, kazi anaichukua mwenzako Josephat, na wewe ukatafute pa kwenda."

"Bosi, umewahi kupandikiza mpunga?"

"Mimi mtu wa duka bwana."

"Inaonekana. Ukichomeka fungu zima la miche shimo moja, inasongana, unavuna majani. Twende Litapunga. Beba ule wa zamani, mimi nabeba wangu. Nikishindwa, mpe Josephat na kiti changu."

Wakaenda. Agatha akaligawa darasa. Upande wa Farhan ngoma ilikesha mchana: kelele, vicheko, vidole vinagombania mishale. Upande wa Fausta watoto waliinama kimya, na mmoja akauliza kama kishikwambi kimeharibika spika. Farhan akatabasamu meno yote nje.

Ndipo Agatha akavikusanya vyote, akawatoa watoto uani, kila mmoja na kijiti, wachore moyo kwenye vumbi.

Watoto wa Farhan walichora mishale. Mishale mizuri kweli! Mmoja alichora hadi kitufe cha muziki. Watoto wa Fausta walichora vyumba vinne vilivyopinda kama viazi vitamu, lakini damu ilijua njia: ikatoka mwilini, ikaenda mapafuni, ikarudi, ikatoka tena.

Farhan alizunguka michoro ile mikono nyuma, kama mkaguzi. Walipofika kwenye pikipiki akamgeukia Fausta.

"Haya. Alhamisi tuwaonyeshe huu wako. Ila mwanzoni weka kawimbo kadogo, ka kuwakaribisha."

"Hapana."

"Basi kengele tu, Fausta."

"Hata kengele."

"Mimi ndiye bosi au wewe?"

"Bosi ni wewe. Kengele haiwekwi."

Fausta akapanda nyuma ya Farhan, mkoba wa vishikwambi kaukumbatia kifuani kwa mikono miwili, asije mtu akatia kengele njiani.