Mama Feza amefika kwenye mulango

Leo mama wa miaka sitini amenishinda kwenye muchezo wa simu, na sina hata nguvu ya kucheka.

Munajua ule muchezo wangu wa kutisha?
Mutoto anatafuta mulango ndani ya nyumba yenye giza. Zimwi linasikiliza. Ngoma ikilia, unagusa simu, mutoto anapiga hatua. Ukikosa pigo moja tu, zimwi linamusikia.

Wiki tatu sijafika kwenye mulango!

Mama Feza, mukimbizi wa upande wa Kongolo anayekaa kwetu, alikuwa ananiangalia nikishindwa.
"Lete."
Nikamupa, nikicheka. (Mungu anisamehe.)

Hakukosa hata pigo moja.
Mulango ukafunguka, mutoto akatoka.

Nikapiga kelele: "Mama, umejifunzia wapi?"

"Kwenye kinu. Siku wale watu wa bunduki waliingia kijijini, nilibaki natwanga kinu kitupu, wasisikie miguu ya watoto wangu wakipitia nyuma. Nilitwanga mpaka mikono ikakufa ganzi."



Yeye alikuwa bado anaangalia simu. Kioo kilikuwa kimeshakuwa cheusi.
"Huyu mutoto, akishatoka, anaendaga wapi?"
"Hakuna kitu tena, Mama. Muchezo unaishiaga pale kwenye mulango."
Akanirudishia simu.
"Basi ni kama watoto wangu. Walitoka, na mpaka leo sijasikia habari yao."

Wenye maneno, niambieni mungemujibu nini.
Mimi nilimuuliza tu kama amekula.