Ujumbe wa Mpenzi Uliotoka Kitale

Mtanicheka, lakini acheni niseme. Mimi ni fundi wa kompyuta wa chama chetu cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Namba za wanachama zote zimo kwenye kompyuta moja ofisini Kitale. Nilikuwa nimeiunganisha na mtambo wa mtandaoni unaowatumia wanachama ujumbe wa simu, na viongozi wakaniita mkutanoni Bungoma wauone kabla ya kuukubali.

Nikaamua kuujaribu kwa mke wangu Nekesa, ambaye pia ni mwanachama. Nikaandika, "Mpenzi, nimekukumbuka," nikabonyeza kitufe cha kutuma kwenye simu yangu.

Simu moja ikalia ukumbini. Ikafuata nyingine, kisha zote. Nilipigwa na butwaa. Namba zilikuwa Kitale, mimi Bungoma, na maneno yangu yamefika kabla sijavuta pumzi! Nilistaajabu hata nikasahau kujiuliza kwa nini zinalia zote, ilhali nilimwandikia Nekesa. Kumbe sikuwa nimechagua jina lake, na ujumbe ukawaendea wanachama wote.

Mwenyekiti, Mzee Wafula, alivaa miwani akasoma polepole. Simu yake ikalia tena mkononi.

"Kijana, ati umenikumbuka," akasema. "Asante. Sasa mama watoto ananipigia kutoka Tongaren. Yeye pia umemkumbuka?"