Nyaya Alizofunga Feliksi

Pale Rusimbi, mjini Kigoma, kila mwenye gari aliyetaka taa za mchana alielekezwa kwa Samson. Mwaka ule wa 2018 zilikuwa zimeingia kwenye mtindo, zile taa nyembamba nyeupe zinazobandikwa chini ya taa kubwa na kuwaka muda wote gari linapotembea. Mafundi wengine walizifunga kwa dakika kumi: waya mwekundu kwenye betri, mweusi kwenye bodi, kazi imekwisha. Mwenye gari aliondoka anachekelea, na baada ya siku mbili watu walikuwa wanamsukuma barabarani kwa sababu taa hazikuzimika na betri imekauka.

Samson hakufanya hivyo. Alitafuta kwenye kisanduku cha fyuzi mahali pasipo na umeme mpaka ufunguo uzungushwe, akauleta umeme huo kwenye rilei, na rilei ndiyo iliyofungulia njia umeme wa betri uende kwenye taa. Karibu na betri aliweka fyuzi ndogo. Kila kiungo cha waya alikishona kwa uzi kabla ya kukizungushia tepu. Kazi ilimchukua nusu siku. Mteja akilalamika, alimjibu bila kuinua kichwa, "Gari likiungua utanirudia mimi. Ngoja niimalize."

Ungedhani mtu mwaminifu kiasi hicho katika kazi ni mwaminifu katika kila jambo. Lakini Samson hakuwa Samson. Jina alilopewa na wazazi wake kule Rumonge, upande wa Burundi wa ziwa, lilikuwa Bonaventura, na hapakuwa na mtu hata mmoja Kigoma aliyelijua.

Alivuka mpaka katika machafuko ya mwaka 2015, yeye na mdogo wake Feliksi, baada ya vijana wenye orodha kuanza kupita mtaani walikokuwa wanaishi Bujumbura wakimuulizia yeye kwa jina. Mama yao alibaki Rumonge. Walifika Kagunga, upande wa Tanzania, kijiji kile chembamba kilichobanwa kati ya mlima na maji, wakakuta maelfu ya watu wamelala mchangani. Siku ya tatu Feliksi alishikwa na kipindupindu, akabebwa kwenda kwenye hema la wagonjwa. Kesho yake watu walisukumwa kupanda meli ya kuja Kigoma, na Bonaventura akapanda. Alijiambia kwamba mgonjwa atafuata akipona. Labda ni kweli hakuwa na namna nyingine. Hilo tusimlaumu.

La kumlaumu ni lililofuata. Bandarini wageni walikuwa wanaandikishwa, kisha wanasubiri mabasi ya kambini. Mpakua mizigo mmoja wa Bangwe alimsikia akiongea Kirundi, akamvuta kando. Akamwambia, "Wewe una mikono ya kazi. Ukiandikwa pale, utakaa kwenye hema mpaka uote mvi. Kirundi chako na Kiha ni ndugu. Sema wewe ni Muha wa Kasulu, nani atakubishia?" Bonaventura akatoka bandarini kwa miguu, na kabla jua halijazama alikuwa Samson.

Uongo ule haukumwibia mtu chochote, na ndiyo maana aliuzoea. Alipata kona kwenye gereji, akapata wateja, akapata chumba. Mara mbili alikwenda mwalo wa Kibirizi kuwauliza wenye boti kama kuna aliyemwona kijana wa jina la Feliksi. Mmoja akamwambia waliobebwa kwenda kwenye lile hema wengi walizikwa. Hakuuliza zaidi. Palikuwa na mahali pa kuuliza, maana waliopotezana walikuwa wanaandikishwa na majina yao kusomwa na kubandikwa kambini kote. Lakini anayetafuta ndugu huulizwa kwanza jina lake mwenyewe. Bonaventura aliona ni rahisi zaidi kuamini kwamba mdogo wake amekufa.

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, Kassimu wa Ujiji aliingiza Noah yake gerejini. Kassimu alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mzuri, akipakia abiria wa Kasulu na vijiji vya huko.

"Fundi, hii taa ya kushoto inakonyeza," alisema. "Jana mama mmoja wa heshima zake kaniuliza kama nina shida naye."

"Ulifungiwa wapi?"

"Makere, njia ya kambi ya wakimbizi. Nilikuwa nasubiri abiria, nikaona jamaa anawafungia wenzangu, na mimi nikatamani."

Bonaventura akafungua boneti. Aliikuta rilei mahali ambapo yeye mwenyewe angeiweka. Akaikuta fyuzi ndogo karibu na betri. Akaufuata waya wa kushoto mpaka penye kiungo kilicholegea kwa vumbi na mtikisiko, akaibandua tepu kwa kisu. Chini ya tepu palikuwa na uzi mweusi wa wavu wa dagaa, umezungushwa mara tatu na kupitishwa chini yake wenyewe, kisha ukakatwa karibu kabisa.

Fundo lile ni la kushonea wavu uliochanika. Baba yao alikuwa mvuvi wa Rumonge, na wanawe walijua kushona wavu kabla ya kujua kusoma. Bonaventura alipojifunza umeme wa magari alilihamishia kwenye nyaya, akamfundisha Feliksi. Watu wawili tu duniani walifunga waya namna ile.

Kassimu akacheka. "Samson, mbona unashangaa kazi yako mwenyewe? Hata mimi nilimwambia yule jamaa, kule kwetu Rusimbi yupo fundi anashona waya hivihivi. Akaacha kazi, akasimama. Akaniuliza anaitwa nani. Nikamwambia ni Samson, Muha wa Kasulu."

"Akasemaje?"

"Akasema, basi siye. Akainama akaendelea."

Bonaventura alikikata kipande kile chenye fundo, akakitia mfukoni, akaunga waya upya. Kassimu alikuwa bado anaongea. Yule jamaa ni Mrundi, alisema, mwembamba, mpole. Taa za Noah zilikuwa miongoni mwa kazi zake za mwisho, kwa sababu amejiandikisha kurudi kwao, na mabasi yanaondoka wiki inayoingia. Siku gani, hakumbuki.

"Nipeleke Makere," Bonaventura alisema.

"Twende hata kesho, mimi nina abiria."

Kesho yake hakwenda. Alisema ana gari la mtu halijakwisha. Jumatatu alisema tumbo linamsumbua. Ukweli ni kwamba alikuwa anafikiria kizuizi cha polisi cha Kidahwe. Hakuwa na kitambulisho cha raia wala karatasi ya mkimbizi. Kwa miaka mitatu hakuwahi kutoka mjini, akiogopa askari atakayemtazama usoni na kumwambia ashuke. Jumanne alikaa gerejini akikunjua na kukunja kipande kile cha waya. Jumatano asubuhi alimfuata Kassimu nyumbani kwake, akamkuta hata chai hajamaliza, akamwambia, "Leo."

Njiani alimweleza kwamba yule fundi anaweza kuwa ndugu yake. Kassimu aligeuka kumtazama, kisha akarudisha macho barabarani. "Ndugu yako Mrundi," alisema.

Kidahwe askari alisimamisha gari, akataka leseni ya dereva, akazisifia taa, akarudisha leseni. Kizuizi kilichomweka Bonaventura siku nne kiliwachukua dakika mbili.

Nje ya kambi, sokoni ambapo wakimbizi na wanakijiji walikuwa wanauziana, alimuulizia Feliksi fundi wa taa. Akaelekezwa kwa Winfrida, mama wa makamo aliyekuwa anauza unga wa muhogo, ambaye nyumba yake ya kambini ilipakana na ya Feliksi.

"Amahoro, mama," Bonaventura alimsalimia kwa Kirundi. "Namtafuta Feliksi."

"Feliksi amepanda basi jana asubuhi, baba. Wewe unamtafutia nini?"

Ndipo akainua uso na kumtazama vizuri. Kibaba cha kupimia unga kikabaki mkononi mwake kikiwa kimejaa.

"Mimi ni kaka yake," Bonaventura alisema.

"Kaka yake amekufa."

"Sikufa, mama. Nilikuwa Kigoma."

Winfrida akarudisha unga kwenye gunia polepole. "Miaka mitatu mtoto wa watu amesimama kwenye mbao za matangazo," alisema. "Kila karatasi mpya ikibandikwa, yeye wa kwanza. Aliandika jina lako kwa wanaotafuta watu. Walikutafuta mpaka kambi nyingine. Bonaventura hayupo Nduta, hayupo Mtendeli, hayupo popote. Sasa wewe ulikuwa umejiandika nani?"

"Amefanya kuganduka mwezi uliopita," Winfrida akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Bonaventura alijua kuganduka ni nini. Ndiyo siku ya kumaliza msiba: waliofiwa hukusanyika, hunywa pamoja, hutamka neno la mwisho juu ya marehemu, na tangu hapo hawamlilii tena. "Alisema hawezi kurudi kwa mama yake akiwa na msiba uliofunguliwa. Nilipika mimi mwenyewe. Watu walikaa, akakuongelea vizuri. Alisema wewe ndiye uliyemfundisha kazi. Nguo yako moja aliyokuja nayo akampa kijana wangu."

"Na mama yetu, anajua?"

"Ndiyo anakwenda kumwambia."

Bonaventura aliomba namba ya simu. Winfrida alikuwa nayo, lakini ilikuwa laini ya Tanzania. Kassimu aliipiga mara sita kwa simu yake mwenyewe, na mara sita aliambiwa haipatikani. Mama yule hakumkaribisha akae. Hakuwa mkali. Alimtazama tu kama mtu asiyejua afanye nini na mgeni wa namna ile, na wateja walipokuja akageukia unga wake.

Kwenye ofisi ya kuandikisha wakimbizi, langoni mwa kambi, Bonaventura alisubiri mpaka saa nane ili aandikwe kwa jina lake. Karani alikuwa kijana mstaarabu mwenye kompyuta na daftari.

"Jina?"

Alilitaja, lote, la kwake na la baba yake. Tangu bandarini alikuwa hajalitamka mbele ya mtu. Karani akaandika, akasoma kwenye kompyuta, akasoma tena.

"Jina hili lipo," alisema. "Lakini lipo kwa wanaotafutwa, na ombi limefungwa. Ndugu ametoa maelezo kwamba mhusika amefariki."

"Ndiye mimi."

"Nakusikia, mzee. Una karatasi yoyote?"

"Sina."

"Kambini kuna mtu anayekufahamu kwa jina hili? Jirani wa kule nyumbani, mliyesoma naye, mtu wa kanisani kwenu?"

Bonaventura alifikiri. Waliomjua kwa jina hilo ni wale aliojificha wasimwone kwa miaka mitatu. "Mdogo wangu Feliksi," alisema.

"Huyu aliyeondoka jana?"

"Huyo."

Karani aliweka kalamu mezani. Alimwambia kwa upole kwamba hawezi kumwandika leo, na kwamba arudi siku yoyote akiwa na shahidi.

Nje, Kassimu alikuwa amekaa kwenye kivuli cha Noah. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na mzaha mdomoni. Akamfungulia mlango.

"Wamesemaje?"

"Nilete mtu anayenijua."

"Sasa si mimi nipo? Miaka mitatu, mimi nakujua."

"Hunijui, bwana Kassimu," Bonaventura alisema. "Unayemjua ni Samson."

Kassimu akazunguka upande wake, akaingia, akawasha gari.