Uzi Sikioni mwa Picha

Mashangazi wawili wa mume wangu walivuka mpaka kutoka Bukavu kuja Kamembe kumpa binti yangu jina la ukoo. Kabla chai haijapoa wakaitisha picha. Ukoo mzima unaijua: mume wangu akiwa mchanga, amekalishwa kwenye kiti cha studio, anacheka mdomo wazi. Mama mkwe aliitundika juu ya redio. Kila mgeni huishusha, huibusu, husema mtoto huyu ni sukari.

Siku hiyo wakaiweka shavuni mwa binti yangu.

"Maman, angalia hii pua," mmoja akamwambia mwenzake. "Imetoka wapi?"

"Haiko ya kwetu. Pengine iko ya jirani!" Wakacheka, wakapigana viganja.

"Jina lingoje," akasema mkubwa. "Sura ikomae kwanza."

Mume wangu alikuwa kazini ng'ambo. Mama mkwe, tunayeishi naye nyumba moja, anayejua ninatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi, alisimama mlangoni kimya. Nilimchukia kuliko wao.

Nikawanyang'anya picha. Nilitaka kuipasua, sitadanganya. Ndipo nikaona uzi. Uzi mfupi sikioni, kama ule niliomfunga binti yangu wiki iliyopita baada ya kumtoboa. Kwetu mvulana hatobolewi. Na masikio ya mume wangu nayajua, hayana tundu.

"Mama, huyu ni nani?"

Akakaa kwenye mkeka. "Iko mutoto yangu wa kwanza. Ule binti mulinisaidia kuzika." Aliwatazama mawifi zake. "Nilikuwa ninaonyesha batu picha yake, banaangalia kidogo tu, banasema pole, banarudisha. Siku moja mugeni akauliza: huyu ni ule kijana yako? Nikasema ndiyo. Akacheka naye. Akamubusu. Basi nikaacha ikae vile."

Yule mkubwa akanipokonya picha, akailaza kifudifudi mezani, haraka, kama sufuria iliyomchoma. "Aa. Jina tutalitoa leo," akasema, akasogeza kikombe chake aongezewe chai.

Wakalitoa. Ningepaswa kufurahi. Lakini macho yangu yalibaki kwenye mgongo wa ile picha. Miaka yote walikuwa wakiibusu. Sura haikubadilika hata chembe, ni wao tu walioambiwa jambo moja. Mama mkwe alilijua hilo zamani, ndiyo maana alinyamaza mwanangu akidhalilishwa: alikuwa akimlinda wa kwake. Nilimwelewa. Kumsamehe, siku ile, hapana.

Nikaigeuza picha, nikaisukuma mbele yao.

"Mumubusu," nikasema. "Vile mulizoea."

Mmoja akatazama dirishani. Mwingine akatafuta viatu vyake. Mama mkwe akaichukua, akaifuta kioo kwa ncha ya kitenge, akairudisha juu ya redio. Ilikaa upande. Nikainuka na mwanangu mgongoni, nikainyoosha.