Fundo la Dorotea kwenye Tairi la Nyuma

Siku ya kwanza nilipofika kwa Dorotea, fundi wa matairi pale Kamunyonge, Musoma, hakuniangalia mimi. Aliinama akapapasa tairi la nyuma la pikipiki yangu, polepole, kama mtu anayekagua dume mnadani.

"Kaka, mwenye hii hakuwa anaizungusha mjini, eti?"

"Kwa nini?"

"Katikati limelika mpaka bapa, pembeni bado zima. Huyu alikuwa ananyoosha lami tu."

Kweli. Niliinunua Butiama kwa mtaalamu mmoja wa barabara aliyekuwa amehamishwa, na huyo bwana alikuwa akienda nayo Bunda kila siku na kurudi. Lilikuwa pikipiki la mashindano, jekundu, tairi lake la nyuma pana kama mto wa kulalia. Mkoa mzima wa Mara sijui kama yapo matano.

Mimi kazi yangu ni kununua na kuuza. Nilianza na mbuzi kwetu Mugeta, nikaenda kwenye mabati, kisha pikipiki. Safari hii nilikuwa nimeuza ng'ombe wanne, yaani wote niliokuwa nao, wakaingia kwenye chuma kile. Mteja nilishampata: Alfonce, mwenye duka la pembejeo Bunda. Ila aliniwekea sharti moja. Tairi la nyuma liwe jipya, na lifungwe na Dorotea. "Nikikuta uzi wa bluu, naichukua," alisema. "Nisipoukuta, tusisumbuane."

Uzi wenyewe ni wa nyavu. Dorotea akimaliza kufunga tairi, huukata kipande kifupi akakifunga kwenye shina la valvu, pale unapojazia upepo. Hakuna aliyemwagiza. Lakini kuanzia Musoma mpaka Bunda, mtu anayenunua pikipiki iliyotumika huchuchumaa kwanza akatazama valvu.

Hilo lilinisumbua. Mtu anapataje jina kubwa hivyo kwa uzi wa senti mbili? Kwa hiyo wakati anafungua gurudumu nikakaa juu ya kreti nikawa namchimba.

"Dada, hii kazi ulifundishwa na nani?"

"Njaa," akasema, akaendelea kulegeza nati ya ekseli.

Nikasubiri. Akasukuma gurudumu mbele, akavua mnyororo, akachomoa ekseli. Pikipiki lilikuwa linaning'inia kwa kamba mbili kwenye boriti ya paa, kwa sababu stendi ya pikipiki la namna ile hana.

"Kwetu Majita, baba alikuwa msusi wa nyavu," akasema bila kuulizwa tena. "Nilikuwaga nashona nyavu tangu darasa la tatu. Samaki wakapungua, nikaja mjini kupika chai hapahapa, kwenye kibanda hiki. Fundi wa zamani akateguka mkono. Wateja wamejaa, yeye anapiga kelele, vuta hapa, kandamiza pale. Siku hiyo nilifungua matairi sita. Chai ikaungua."

"Naye yuko wapi?"

"Anauza chai, kule stendi."

Sikujua kama ananitania. Alilaza gurudumu chini ya bampa la lori lililokuwa limeegeshwa, akaweka jeki juu ya tairi, akapampu mpaka ukingo ukaachia rimu. Kisha akapaka sabuni ya mche, akaingiza vyuma vyake viwili, na tairi la zamani likatoka. Nilisimama. Nimeona mafundi wanaume wanne wakihangaika na tairi dogo kuliko lile.

Akaomba jipya. Nikampa. Nilikuwa nimelipata Mwanza kwa bei ya kutupwa, na nilikuwa najisifu nalo moyoni tangu siku ile. Lilikuwa linang'aa, vinyweleo vya kiwandani bado vimo.

Dorotea akaligeuza ubavuni, akaweka kidole kwenye tarakimu nne zilizozungushiwa duara refu kama yai.

"Soma, kaka Mniko."

"Tatu moja moja tatu."

"Wiki ya thelathini na moja, mwaka elfu mbili kumi na tatu. Hili ni jipya kwa macho tu. Mpira umeshakauka. Silifungi."

"Wewe funga. Anayeendesha siyo wewe."

"Uzi ni wangu."

"Basi funga bila uzi."

"Ukitaka bila uzi, mtaa wa Mukendo mafundi wamejaa." Akaokota kitambaa, akajifuta mikono. Mazungumzo yakaishia hapo.

Nilibeba gurudumu na tairi mpaka Mukendo, likafungwa kwa nusu saa, nikarudi nalo kuchukua pikipiki langu. Uzi wa bluu nikanunua mwenyewe, dukani pa nyavu, nikaufunga kwenye valvu kwa mkono wangu. Nikatazama. Ulifanana kabisa.

Jumamosi nikaondoka kwenda Bunda. Kwenye kona moja gurudumu la nyuma liliponyoka kidogo, likarudi. Nikasema ni mchanga, ingawa pale hapakuwa na mchanga.

Alfonce alifurahi hata kabla sijazima injini. Alichuchumaa, akaona uzi, akanyanyua dole gumba. Alikuwa ameshaingia dukani kuleta fedha wakati mkewe, Yunis, alipotoka na ndoo. Yunis naye ni wa upande wa ziwani. Akainama, akashika ncha ya uzi, akavuta mara moja tu. Uzi wote ukabaki mkononi mwake.

"Mume wangu! Njoo uone, huyu katufungia mbuzi!"

"Mbuzi gani?"

"Hili fundo ni la mbuzi. Ukivuta ncha linafunguka. Fundo la nyavu ukivuta linakaza. Huyu ni mtu wa malishoni, wala hajawahi kushika wavu."

Wapita njia walicheka. Na ni kweli, lile ndilo fundo nililofundishwa na baba yangu, na mkono ulilifunga wenyewe bila kuniuliza. Alfonce hakufoka. Alisema tu, "Lete fundo lenyewe kabla ya Jumatatu jioni. Ukichelewa, kapande pikipiki lako kwenu Mugeta."

Jumapili Dorotea hafanyi kazi, anakwendaga kanisani. Jumatatu alfajiri nilikuwa mlangoni kwake. Nikamweleza yote, kwa kuwa habari ingemfikia tu. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Ulifunga la mbuzi? Kwenye tairi?"

"Dada, niambie masharti."

Alikuwa nayo mawili. Tairi la kweli ninunue kwa mtu ambaye yeye anamwamini, kwa bei ya huyo mtu, bila kubishana. Na lile la Mwanza alikate vipande mbele ya macho yangu, lisije likavishwa pikipiki ya mtu mwingine. Sharti la pili ndilo lililoniuma, kwa sababu nilishampata wa kumuuzia.

Akalikata. Akafunga jipya, akalijaza upepo mpaka ukingo ukalia pa, pa. Kisha akapitisha ekseli, akaegemeza ncha zake juu ya kreti mbili, akalizungusha gurudumu. Kila liliposimama alitazama upande ulioenda chini, akabandika upande wa pili vipande vya risasi, vilevile vinavyozamisha nyavu. Alifanya hivyo mpaka gurudumu likawa linasimama popote. Mwisho uzi. Nilikodoa macho, lakini vidole vyake vilipita haraka mno.

Alfonce alilichukua pikipiki jioni ileile, baada ya Yunis kuvuta ncha mara tatu.

Nilipiga hesabu. Ng'ombe wanne waliingia, wanne wakatoka, ndama hakuna. Dorotea alipata vipande vya mpira vya kuuzia washona makatambuga, na mteja wa Bunda anayeruka mafundi wote wa njiani kumfuata yeye. Lakini naye alipoteza kitu. Kisa changu kimeenea, sasa kila mnunuzi anavuta uzi, na nimeona mafundi wawili wa Mukendo wamekaa na msusi wa nyavu, wanajifunza lile fundo.