Nilipotega Sikio Mlimani Mbooni

Tulitoka Kabati alfajiri, mimi na mume wangu na waumini wenzetu, kwenda kwa miguu hadi kilima cha maombi kule Mbooni. Kila mtu alibeba haja yake. Yetu ilijulikana na kanisa zima: miaka ilikuwa imekwenda na hatukuwa na mtoto. Mama mkwe alinisindikiza hadi langoni akaniambia, bila ukali wowote, "Mkikosa na huko, wewe mwenyewe utamruhusu aoe mwingine." Nikamwitikia kwa adabu. Moyoni nilitamani kumrushia kibuyu cha uji.

Mwendo mrefu una usingizi wake. Siku ya kwanza tuliimba. Ya pili simu zilikuwa zimeisha chaji na nyimbo pia, ikabaki sauti ya viatu kwenye changarawe. Tulivuka mito ya mchanga mtupu, nikahisi kwamba mchanga ndio unaotembea na sisi tumesimama. Mume wangu alikuwa mbele, shati lake la bluu likielea katika joto, mara karibu, mara mbali. Kuna saa nilisahau tunaenda kuomba nini. Nilikuwa na furaha, na nikaona haya kuwa nayo.

Njia zilipoanza kupanda, ukungu ulitumeza. Migomba ilijitokeza ghafla, ikapotea. Kileleni mchungaji alisema tuombe, na kama kawaida yetu kila mtu akaomba kwa sauti, wote kwa pamoja, kelele kama za soko. Katika kelele hizo mtu huwa peke yake na Mungu. Mimi sikuomba. Nilisogea karibu na mume wangu, macho nimeyafumba, nikatega sikio, maana nyumbani hakuwahi kuniambia anachotaka.

Aliomba mvua. Aliziombea mbaazi zetu, goti la mama yake, na ng'ombe wetu mwenye jicho bovu. Akaniombea mimi nguvu za kurudi. Akasema amina. Habari ya mtoto hakuigusa.

Nilikasirika. Nimepasuka visigino njia nzima, na yeye anamwombea ng'ombe. Nilimvuta pembeni.

"Mbona hujaomba ya mtoto?"

"Kumbe ulikuwa unanisikiza."

"Niambie tu ukweli. Umeamua kuoa?"

Alitazama chini, akafuta matope kwenye kiatu kwa nyasi.

"Hapana. Hiyo maombi niliacha kitambo," alisema. "Nilichoka kuambia Mungu kila siku ati wewe hunitoshi."

Kwetu mke na mume hawashikani mikono mbele ya watu, sembuse mbele ya mchungaji. Niliushika wake, tukateremka hivyo, na ukungu ulipoondoka watu wakatuona, sikuuachilia.