Mwaka Niliobaki Mshangano

Mwaka wa tatu wa udaktari nilirudi nyumbani, Mshangano, kwa likizo, nikashindwa kuondoka tena.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka ya mtaa wa Majengo yamejaa mitumba na redio mpya. Baba yangu, mwalimu mstaafu, alimwambia kila aliyesalimiana naye, "Binti yangu anasomea udaktari Dar es Salaam." Mimi nilikuwa chumbani, nimegeukia ukuta. Chuoni nilikuwa nimefika mahali pa kusoma ukurasa uleule bila kuambulia kitu. Mgonjwa akifariki wodini, wenzangu walihuzunika. Mimi sikuhisi chochote, na hilo ndilo lililonitisha.

Mama alidhani ni malaria. Akanipa klorokwini, nikameza. Akaniletea uji, ukapoa.

Asubuhi moja alinikuta uani, akaketi karibu yangu kupukuchua mahindi. Sijui ni nini kilinifungua mdomo.

"Mama, kila nikilala naomba nisiamke."

Akaweka gunzi chini. Nilidhani ataniambia nisali.

"Tangu lini?"

"Kabla ya Pasaka."

"Na muda wote huo ulikuwa unayabeba haya peke yako?"

Siku hiyohiyo alihamishia godoro lake chumbani kwangu. Baba alielezwa usiku, baada ya chakula. Akasema, "Chuo kitamsubiri. Kisipomsubiri, basi."

Nilichokiogopa zaidi ni watu. Jumapili, baada ya misa, mzee mmoja wa jumuiya yetu aliitikia shikamoo yangu, akamgeukia baba. "Daktari wetu harudi chuoni?"

Nikainamisha kichwa. Baba akajibu kwa sauti yake ya darasani, wote wasikie: "Anaumwa. Moyo wake umechoka. Mwombeeni."

Kesho yake mke wa yule mzee alikuja na viazi vitamu. Alinisimulia kwamba alipomzika kitindamimba wake, masika nzima hakutoka nje, na watu walisema ana kiburi.

Mama alinipeleka hospitali. Muuguzi wa magonjwa ya akili alinisikiliza, nikapewa vidonge vilivyonikausha mdomo. Nilipata nafuu polepole. Kwanza usingizi, halafu njaa, kicheko mwishoni kabisa.

Mwaka uliofuata nilirudi chuoni, katika darasa la watu nisiowajua, nikahitimu. Siku mbaya zimenirudia mara kadhaa. Siku hizi nikiziona zinakuja, namwambia mtu.